Moko Haikuvuja

Kila matokeo ya kidato cha nne yanapotoka, wanangu, simu yangu hushikwa na homa. Huyu analia, yule amenuna, mzazi mwingine anataka kujua nani amemfanyia mwanawe husuda. Na karibu wote wana wimbo mmoja: "Mwalimu, mbona kwenye moko alifanya vizuri?" Moko, kwa msiojua, ni ule mtihani wa majaribio tunaowapa watoto shuleni kabla hawajakabiliana na ule wa taifa. Nimefundisha Baiolojia hapa kisiwani Mafia tangu nikiwa msichana mwenye kiuno hadi nimestaafu nikiwa bibi mwenye magoti mabovu, na wimbo huo naweza kuuitikia hata nikiwa usingizini.

Mimi si mpole, na sijawahi kujidai mpole. Wanafunzi waliniita Bi Pilipili, nami nikijifanya sisikii, kwa sababu jina lenyewe nililipenda. Basi msitarajie nibembeleze. Ninawaandikia nyinyi mnaojiandaa kwa mitihani, na nyinyi walimu vijana mnaoingia darasani na simu zenye mitihani ya miaka yote iliyopita ndani yake, kitu ambacho sisi tulikiota tu wakati tunaandika maswali ubaoni kwa chaki huku vumbi linatukaa kooni. Alama ikishuka kutoka moko hadi taifa, ina sababu. Na sababu hiyo ina mahali imekaa. Kazi yenu ni kuitafuta mpaka muishike mkia, si kusema "hakujitahidi" na kwenda zenu kunywa chai.

Nimeona mengi. Alikuwako kijana mmoja wa Miburani, hodari kweli, akaangusha mtihani nusu nzima. Karatasi ilimwambia achague maswali mawili kati ya manne. Yeye akajibu yote manne, mbiombio, kila moja nusu. Kwenye majaribio yetu tulikuwa tunatoa mawili tu, hapakuwa na cha kuchagua. Nilipomuuliza kulikoni akaniambia, "Mwalimu, nyumbani ukiandaliwa sahani nne ukala mbili, mama anasema umesusa." Nilitaka kumkasirikia, kicheko kikanizuia. Mwingine aliona ratiba imeandikwa 2:00, kwa saa za Kizungu, naye akafika saa mbili yetu ya asubuhi, nywele zimechanwa, kalamu tatu mfukoni. Mtihani ulikuwa saa nane mchana. Alikaa barazani bila kula, akaogopa kuondoka asije akakosa, na walipofungua mlango akaingia na kizunguzungu. Kuchelewa ni kubaya, lakini hata kuwahi nusu siku kuna hasara yake.

Aliyenifundisha kutafuta sababu ni marehemu Mwalimu Kondo, aliyenipokea nilipoanza kazi. Alikuwa haachi kutafuna karafuu, na alikuwa na dharau kubwa kwa mwalimu anayerudisha karatasi zilizosahihishwa bila kumtazama mtoto usoni. Siku moja nilikuwa nabwata ofisini kuhusu msichana aliyeanguka vibaya, nikamwonyesha karatasi. Hakuishika. Akasema, "Saada, hapo unanionyesha alipoangukia. Mimi nataka kuona alipojikwaa." Methali hiyo kila mtu anaijua, ila yeye aliifanyia kazi. Alikwenda kukaa nyuma ya darasa siku nzima, akimtazama yule msichana tu, na jioni akaja kuniambia, "Haoni ubao. Mkalishe mbele." Ikawa ndiyo dawa.

Sasa niwaambie habari ya Riziki, maana hiyo ndiyo iliyonifanya nishike kalamu.

Riziki alikuwa binti wa fundi Makame, muunda mashua wa Jibondo, kile kisiwa chetu kikavu ambako maji ya kunywa yalikuwa yakiletwa kwa chombo. Ungemjua mtoto wa Jibondo kwa jinsi anavyoshika kata ya maji. Yeye alinawa mikono na uso kwa maji ambayo mimi ningeyamwaga kwa kusuuza kikombe kimoja. Alikuwa anakaa bwenini, msichana mwembamba, mcheshi kwa wenzake, mwenye adabu kwa wakubwa, na alikuwa anataka kitu kimoja tu duniani: kuwa muuguzi. Alipokuwa mdogo, mama yake mdogo alishikwa na uchungu wakampakia kwenye mashua kumvusha kwenda hospitali, na mtoto akazaliwa njiani, katikati ya maji. Riziki ndiye aliyekuwa ameshika mkono wa mzazi. "Nilikuwa sijui la kufanya, Mwalimu," aliniambia, "nikaapa siku nyingine nitajua." Ili apokelewe chuo cha uuguzi ilimpasa afaulu Baiolojia, Kemia na Fizikia, na bila hayo mlango haufunguki.

Moko ya Baiolojia ya mwaka wake, ambao pia ulikuwa mwaka wangu wa mwisho kazini, niliitunga mimi na nikaisahihisha mimi. Riziki akapata A ya Baiolojia, tena A iliyonona. Kemia B, Fizikia C, Hesabu C. Nikamwandikia "Hongera, muuguzi" kwa wino mwekundu. Kisha yakaja matokeo ya taifa. Baiolojia F. Kemia F. Historia, ambayo alikuwa akiisimulia kama habari za mtaani kwao, F. Nilidhani mtandao umenichanganyia majina, nikafungua tena na tena. Lilikuwa jina lake.

Kabla jua halijageuka, maneno yalikuwa yameshafika dukani kwa Hamisi. Hamisi ni jirani yangu hapa Kiegeani, mtu mwema wa kukopesha sukari na mtu hatari wa kukopesha maneno. Hukumu yake ilikuwa fupi: moko ilivuja. Mtoto hapati A kisha F, alisema, ila majibu ya ile A alipewa mfukoni. Na kama moko ilivuja, wanangu, ilivuja kutoka wapi, ikiwa mtungaji ni mimi? Nilikwenda pale kununua kiberiti nikawasha moto bila njiti. Nilimwambia, "Hamisi, miaka yote hii nimetunga mitihani, hata mume wangu hajawahi kuona swali." Akanijibu kwa upole unaoudhi, "Sijasema wewe, Bi Saada. Nimesema imevuja tu."

Baada ya siku chache nikasikia hodi. Alikuwa fundi Makame. Alikuwa ametoka Jibondo kwa boti hadi Utende, akapanda bodaboda hadi kwangu, na Riziki nyuma yake amejifunga mtandio mpaka machoni.

"Asalaam alaykum, Mwalimu."

"Waalaykum salaam, fundi. Karibuni ndani."

"Shikamoo, Mwalimu," akasema Riziki, sauti imemkauka.

"Marahaba, mwanangu. Kaa hapa karibu yangu."

Fundi hakutaka hata maji. Akakaa ukingoni mwa kiti, mikono yake mikubwa juu ya magoti. "Mwalimu, nimemuuliza mwanangu mara moja tu kama aliiba mtihani. Akaniambia hakuiba. Mimi namwamini, ila mtaani hawaniamini mimi. Na yeye hali, hazungumzi, amesema hataki tena mambo ya uuguzi." Akamtazama Riziki. "Mimi chombo changu kikivuja sikichomi moto. Nakipandisha juu, natafuta ufa, naziba kwa kalafati. Huyu nimekuletea. Nitafutie ufa."

Nikamtazama yule mtoto, macho yamevimba. Nikamwambia fundi aniachie mwanawe. Atakaa kwangu, atasajiliwa kurudia mtihani kama mtahiniwa wa kujitegemea, na mimi nitatafuta.

Wifi yangu alileta wazo la kombe, kwamba Riziki aandikiwe aya, zioshwe, anywe. Nikasema anywe kombe, na akimaliza achukue kalamu. Nikamkalisha barazani na karatasi ile ile ya taifa ya Baiolojia iliyomwangusha, nikampa muda ule ule. Akaijibu. Nikasahihisha kwa roho mbaya, ile roho ya msahihishaji asiyemjua mtu, na bado akapata A. Nikabaki namtazama. Mtihani ule ule, kichwa kile kile, karatasi moja inasema F na nyingine inasema A.

Nilimchunguza kama polisi. Alilala vizuri usiku wa kabla ya mtihani? Alilala. Alikula? Uji na chapati. Aliugua? Hapana. Aliogopa? "Niliogopa kidogo, Mwalimu, kama kila mtu." Jambo moja tu lilinikaa kichwani bila kunipa raha: Hesabu haikushuka. Alipata C kwenye moko na C kwenye taifa. Woga ungekula na Hesabu, hata Hesabu ndiyo ingeliwa kwanza. Fizikia nayo, yenye hesabu ndani yake, ilikuwa imeteleza kidogo tu ikashikilia D. Yaliyozama yalikuwa masomo ya maneno. Nikajua niko karibu, lakini sikujua niko karibu na nini.

Majibu yaliletwa na redio ya mume wangu. Mzee Faki ni karani mstaafu wa bandarini, ana mke mmoja na redio moja, na sijawahi kuwa na hakika nani kati yetu anatangulia. Siku hiyo mchana mimi nachagua mchele, Riziki yuko kwenye mkeka anajibu maswali, Mzee Faki amefungua taarifa ya habari ya saa saba. Ghafla akatoa sauti: "We binti, hebu nyamaza kidogo, nasikiliza habari!"

Nikashtuka. Anamnyamazisha nani? Kwani nani anazungumza? Nikatega sikio, na hapo ndipo niliposikia kitu ambacho kilikuwa masikioni mwangu muda wote. Riziki alikuwa anasoma. Anavuma chinichini, mwili unayumba mbele na nyuma, na maneno ya mzunguko wa damu yanamtoka kwa lahani ya kasida. Akasema "Samahani, Mzee," akafunga mdomo.

Na kalamu ikasimama.

Nikaacha mchele. Kalamu ilisimama pale pale katikati ya neno. Akaitazama karatasi, akatazama dari, akaandika neno, akalikata. Habari zikaisha, Mzee Faki akazima redio akatoka kwenda msikitini. Mvumo ukaanza tena taratibu, na kalamu ikakimbia.

Ila mwalimu wa sayansi hashangilii jaribio moja. Kesho yake nikamwambia Mzee Faki amnyamazishe tena. "Leo hakuna habari ya maana," akasema. "Mnyamazishe tu, mzee wangu." Akamnyamazisha, na kalamu ikasimama. Hapo nikaenda kukaa kwenye mkeka.

"Riziki, siku ile kwenye chumba cha mtihani, msimamizi aliwaambia nini mwanzoni?"

"Alituambia, 'Someni maswali yote kwanza kabla hamjajibu.'"

"Nawe ukafanya nini?"

"Nikasoma, Mwalimu."

"Ukasoma vipi?"

Akanishangaa. "Nikasoma tu. Kama tunavyosoma. Akaja akagonga meza, akasema, 'Wewe, nyamaza, ukitoa sauti tena nakutoa nje.' Basi nikafunga mdomo mpaka mwisho. Mitihani yote. Niliogopa hata kukohoa."

Wanangu, nilipiga paja langu mwenyewe mpaka likauma. Nilitamani Mwalimu Kondo awe hai nimkimbilie. Maana neno ndilo lililomkwaza. Kwetu huku, kusoma kunasikika. Tunasoma maulidi, tunasoma hitima, tunasoma dua, na hakuna hata moja linalosomwa mdomo umefungwa. Ukipita chuoni kwa watoto wanaojifunza Kurani husikii kimya, unasikia nyuki. Riziki alilelewa na bibi yake, mwalimu wa chuo Jibondo, na kila alichokijua duniani alikiingiza kichwani kwa sauti na alikitoa kwa sauti. Shuleni kwetu nusu ya darasa walikuwa vivyo hivyo. Kwenye moko chumba kizima kilikuwa kinavuma, na sisi walimu tulikuwa wenyeji, tulishazoea, hatukusikia zaidi ya mtu wa pwani anavyosikia mawimbi. Msimamizi wa taifa alikuwa mgeni. Yeye alisikia mtu anazungumza kwenye mtihani, akafanya kazi yake. Simlaumu hata kidogo. Ila aliposema "nyamaza," Riziki alielewa amekatazwa kusoma, na kwa kweli ndivyo ilivyokuwa. Hesabu zilipona kwa sababu hesabu alizifanya kwa mkono, hakuziimba.

Nilipomweleza, akauliza, "Kwa hiyo sikuwa mjinga?" Nikamwambia, "Ungekuwa mjinga nisingekupikia wali wa nazi kila siku." Akacheka, akalia, akacheka tena, na jioni hiyo alikula sahani mbili.

Kujua ufa ulipo ni jambo moja, kuziba ni jingine, na hapa nilihangaika. Nilianza kwa kumwambia afunge tu mdomo, ajizoeze. Akaniambia, "Mwalimu, nikifunga mdomo naona kama nimefungiwa nje ya nyumba yetu, na vitu vyangu vyote viko ndani." Nikampa karafuu aweke chini ya ulimi, kwa heshima ya Mwalimu Kondo, ili mdomo uwe na shughuli. Akapaliwa mpaka Mzee Faki akamgonga mgongo. Nikamwambia asome kwa kunong'ona, na kweli kunong'ona kulisaidia, lakini msimamizi anayekataza sauti atakataza na mnong'ono. Tukapoteza siku nyingi hivi. Kuna siku alitupa kalamu uani akasema anarudi Jibondo.

Hakuondoka, kwa sababu adhuhuri ilikuwa imeingia na hakuna mtu anayesafiri na sala shingoni. Akatandika mswala. Mimi nikamaliza kuswali kabla yake, nikageuka, nikamwona amekaa anavuta uradi. Mdomo umefungwa, mwili umetulia kabisa, kidole gumba tu kinapanda kwenye pingili za vidole vingine, moja baada ya moja, kinahesabu tasbihi. Nikangoja amalize.

"Riziki. Hapo ulikuwa unasoma?"

"Nilikuwa nasoma, Mwalimu."

"Mbona sikukusikia?"

"Hii naisoma kimoyomoyo. Babu alikuwa mgonjwa, bibi akanifundisha nisome kwa vidole ili nisimwamshe."

Nikanyanyuka kwenye mswala kama sina magoti mabovu. Huyu mtoto alikuwa na mlango wa pili wa nyumba yao, na ufunguo alikuwa nao mkononi siku zote! Tukaanza siku hiyo hiyo. Vidole vinne, kila kimoja pingili tatu, na gumba linatembea. Mzunguko wa damu tukaupanga juu ya mkono wa kushoto: pingili hii damu inarudi moyoni, hii chemba ya juu ya kulia, hii ya chini, hii mapafuni, hii inarudi upande wa kushoto, mpaka inatoka kwenye mshipa mkubwa kwenda mwilini. Kwanza aliimba huku gumba linatembea. Kisha akanong'ona, gumba linatembea. Kisha mdomo ukacheza tu bila sauti. Kisha mdomo ukalala, gumba likabaki linatembea peke yake, na kalamu kwenye mkono wa kulia haikusimama. Msimamizi gani atamtoa mtu nje kwa kugusa vidole vyake?

Kilichobaki ni kuzoea mgeni. Nyinyi mnaojipima nyumbani, mnajibu mtihani kitandani, chai pembeni, mdogo wako anakuletea muhogo, kisha mnashangaa alama za chumba cha mtihani zimekuja nyingine. Jipimeni mahali panapoudhi. Sisi tulimtumia Mzee Faki. Alivaa viatu vyake vya ngozi vya enzi za bandarini, vinavyogonga sakafu kama mtu anayedai kodi, akavaa saa, akaanza kuongea Kiswahili cha puani ili aonekane mtu wa bara. "Mtahiniwa namba moja!" Yuko mmoja tu. "Hakuna kutazama dari!" Alisimama nyuma ya shingo ya Riziki akipumua. Mimi alinifukuza kwenye baraza yangu mwenyewe kwa kosa la kukohoa. Nadhani hajafurahia kazi yoyote namna ile tangu astaafu. Mara ya kwanza Riziki alikufa kwa kicheko. Mara ya pili gumba lilipotea njia. Baadaye Mzee Faki angeweza kupiga ngoma juu ya kichwa cha Riziki na gumba lisingepoteza pingili.

Siku ya mtihani wa Baiolojia nilimsindikiza hadi nje ya geti, nikasubiri chini ya kivuli cha ukuta na wazazi wengine, moyo unanienda mbio kuliko siku ya harusi yangu. Alipotoka alikuwa anatabasamu upande mmoja.

"Msimamizi alinitazama vidole muda wote, Mwalimu. Tulipomaliza, karatasi zimeshakusanywa, akaniuliza, 'Binti, muda wote huo ulikuwa unavuta uradi?'"

"Ukamjibu nini?"

"Nikamwambia, 'Hapana, Mwalimu, nilikuwa nasoma.'"

Matokeo yalipotoka nilikuwa juu ya mbuzi nakuna nazi. Nilikuwa nimeapa sitafungua simu, maana mwaka ule mwingine uliniachia kovu. Simu ikalia. Ni Riziki, yuko Jibondo kwa baba yake. Nikapokea kwa mkono wenye chembe za nazi.

"Haya?"

Kimya.

"Riziki?"

Kimya. Nasikia anapumua tu. Moyo ukashuka mpaka kwenye kifuu.

"Mwanangu, mbona husemi?"

"Nasoma, Mwalimu," akasema polepole. "Kimoyomoyo."

"We mtoto, utaniua! Leo soma kwa sauti! Soma kwa sauti!"

Akasoma. Baiolojia A. Kemia B. Fizikia C. Aliyasoma kwa lahani ya kasida, akayumba bila shaka, na nyuma yake nikamsikia fundi Makame anapiga nyundo kwenye mbavu za mashua kama mtu aliyepandwa na shetani wa ngoma. Mimi nililia wazi, chembe za nazi usoni, na Mzee Faki aliyezima redio yake mwenyewe kwa hiari ananiuliza, "Tumepata ngapi? Tumepata ngapi?"

Leo Riziki ni muuguzi aliyehitimu, yuko kazini hapa hapa wilayani. Mwezi uliopita nilimpeleka Mzee Faki kuchomwa sindano. Riziki akachukua kichupa, akakiinua, akaanza kusoma jina la dawa na kipimo chake kwa sauti, wazi, neno kwa neno, maana chuoni waliwafundisha kusoma dawa kwa sauti kabla ya kumpa mgonjwa, ili wasikosee. Mzee Faki naye alikuwa anamsimulia mgonjwa wa pembeni habari za redioni. Riziki akamgeukia. "Babu, hebu nyamaza kidogo, nasoma." Akanyamaza. Mimi mwenyewe sijawahi kuliweza hilo.

Lakini siku ninayoiweka juu ya zote ni ile fundi Makame alipoishusha majini ile mashua aliyokuwa akiipigia nyundo. Alitualika wote. Shughuli hiyo Jibondo ni ya kila mtu, kwa kuwa chombo hakijisukumi, na baada yake kuna pilau. Hamisi mwenye duka naye alivuka, kwani maneno anaweza kuyakosa siku moja lakini pilau hapana. Tulipofika ufukweni tukakuta ubavuni mwa mashua jina limeandikwa kwa rangi nyekundu, herufi kubwa: HAIKUVUJA. Watu wakatazamana. Mwenye kuelewa akacheka, asiyeelewa akaelezwa.

Wanaume wakashika kamba, wengine wakaweka mabega. Hamisi alikuwa katikati, jasho limeshaanza. Fundi Makame akasimama juu ya sitaha, Riziki pembeni yake, akaanza kuita kwa sauti, na watu wakaitikia kwa pamoja kila wanapovuta.

"Mashua hii!"

"Haikuvuja!"

"Mbao zake!"

"Haikuvuja!"

"Kalafati yake!"

"Haikuvuja!"

Akavuta pumzi, akanitazama mimi moja kwa moja.

"Na moko ya Mwalimu Saada!"

"Haikuvuja!" wakaitikia, ufukwe mzima, na sauti ya Hamisi ilikuwa juu ya zote, kwa maana alikuwa anavuta kwa nguvu na hakupata nafasi ya kufikiri. Alipofikiri alikuwa ameshasema, na watu wamekaa chini kwa kucheka, na ilibidi fundi awaombe wainuke wamalizie kazi. Wakainuka, wakavuta mara ya mwisho. Mashua ikaingia majini, ikaelea, na Riziki akainama akapitisha kiganja chini ndani yake, kutoka mbele hadi nyuma, kisha akakiinua juu tukione sote. Kilikuwa kikavu.